Maswali Sitini ya Mwenyekiti

Umma unajulishwa, ingawa kwa kuchelewa kidogo, kwamba katika mwaka wa 1997 Wilaya ya Turkana ilikuwa ya kwanza nchini, na pengine barani, kuunda Kamati ya Kuweka Kiwango cha Ugumu wa Maswali. Wengine huuliza maswali ovyo ovyo, yakawa magumu au rahisi yenyewe. Sisi tulikaa vikao kumi na vinne kwanza.

Mimi, Levis, nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Nilitoka Bungoma kuja kufanya kazi Lodwar, na ninachojivunia ni kwamba sijawahi kupoteza faili, hata zile nilizoambiwa nizipoteze.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya maarifa, kati ya vyuo viwili. Upande mmoja kulikuwa na chuo cha ualimu cha hapa Lodwar. Upande wa pili kulikuwa na chuo cha jioni cha wakimbizi kule Kakuma, ambacho kilikuwa mahema mawili na ubao mmoja. Kila timu ingekaa mezani na kengele ya baiskeli mbele yake. Swali likisomwa, anayewahi kupiga kengele ndiye anayejibu. Nahodha wa timu itakayoshinda angepata nafasi ya kusomea diploma Eldoret, miaka mitatu, malazi na chakula, kwa hisani ya wafadhili wa kanisa. Kwa mwanafunzi wa Lodwar hiyo ilikuwa bahati. Kwa mwanafunzi wa Kakuma, ambaye hawezi hata kwenda Kitale bila kibali, ilikuwa mlango.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Kipkemboi, Mratibu Mkuu wa Maarifa wa Wilaya. Alikuwa Lodwar kwa miaka kumi na miwili, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemwona bila koti la suti, hata katika lile jua la Februari linalomfanya mbuzi ajifiche chini ya gari. Hotuba zake zote zilianzia kijijini kwao Kaptarwa, zikapitia mtoni alikovuka bila viatu, zikaishia alipo sasa.

Maswali tulikuwa nayo. Mwalimu Thon wa Kakuma, aliyekuwa akifundisha hisabati kwao Bor kabla ya vita kumfukuza, alikuwa ameandika maswali mia mbili kwa mkono, kwa mwandiko ulionyooka kama uzi wa fundi. Mengine yalihusu sayansi, mengine historia, mengine mito na miji ya dunia. Mtu wa kawaida angeyachapa na kuanza mashindano. Lakini Mwenyekiti aliuliza swali ambalo kiongozi mwingine asingeliuliza. Aliuliza: tutajuaje kwamba si rahisi mno, au si magumu mno?

Katika kikao cha tatu tulipitisha kanuni mbili, nami nilizichapa kwa herufi kubwa. Ya kwanza: swali ambalo raia wa kawaida anaweza kulijibu ni rahisi mno, na linamdhalilisha msomi. Ya pili: swali ambalo Mwenyekiti hawezi kulijibu ni gumu mno, maana limepita kiwango cha wilaya. Maswali yanayofaa yangekuwa yale yaliyo katikati.

Raia wa kawaida hatukumtafuta mbali. Alikuwa Akal, mama wa chai wa afisi yetu, mkaaji wa Nawoitorong, aliyekuwa akituletea chai ya saa nne kwa miaka kumi na mmoja. Tulimwita, tukamkalisha kwenye kiti, nami nikamsomea swali la kwanza: mji mkuu wa Bulgaria ni upi?

Akal alimmiminia Mwenyekiti chai kwanza, kwa itifaki.

"Si ni Sofia," akasema. "Ama wamebadilisha?"

Tukaendelea. Alijua chumvi ya mezani inaitwaje maabarani. Alijua ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, akaongeza kwamba hili letu la hapa Kalokol si lenyewe, akionekana kusikitika kwa hilo. Baada ya siku tatu alikuwa amejibu maswali mia moja sabini na moja. Uchunguzi ulibaini kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwasha jiko kwa karatasi za mitihani ya zamani kutoka stoo yetu, na kwamba huzisoma kabla ya kuzitia moto. Nilimwandikia onyo kwa kusoma mali ya serikali. Alilisoma, akaniuliza kama anaweza kuwashia jiko.

Kisha ikaja zamu ya Mwenyekiti. Kwa heshima ya cheo chake alijibu akiwa peke yake, mlango umefungwa, nami nikasahihisha. Alipata thelathini na manane. Yote thelathini na manane Akal alikuwa ameyapata pia.

Nilichora matokeo kwenye karatasi kubwa: mstari wa raia wa kawaida chini, mstari wa Mwenyekiti juu, na kati yao eneo la ugumu unaofaa. Mchoro ulikataa. Mstari wa chini ulikuwa juu. Tulishuku rula, tukaagiza nyingine Kitale. Ilipofika tuliona kwamba rula zote mbili zina kasoro ileile.

Katika kikao cha tisa Mwenyekiti aliutazama mchoro. Halafu akatuuliza kuna jambo gani duniani analolijua yeye na Akal halijui. Wajumbe walitazama dari. Ni yeye mwenyewe aliyepata jibu, na ndipo nilipoelewa kwa nini watu wengine huongoza na wengine huandika kumbukumbu. Jambo hilo ni maisha yake.

Basi alikaa akisimulia, nami nikaandika maswali sitini: shule aliyosoma, ng'ombe aliyemchunga, vyeti, semina, safari ya Mombasa. Tulimjaribu Akal kwa yote sitini kama kanuni inavyotaka. Alijibu matatu tu, la vijiko vya sukari, la siku anazochelewa kazini na la mahali anapolala mchana, nasi tukayaondoa na kuweka mengine. Hayo yaliyobaki yote yalikuwa katikati kabisa. Rula ilipona.

Jukumu la kumjulisha Mwalimu Thon liliniangukia mimi. Nilisafiri na msafara wa askari hadi Kakuma, nikamkuta nje ya hema akiwafundisha wanafunzi wake kivulini mwa ukuta wa matofali ya udongo. Nilimrudishia maswali yake mia mbili, yote yakiwa na muhuri wa KIWANGO HAKIFAI. Aliyapitia moja moja kama mtu anayetafuta kosa lake. Akaniambia kwamba wanafunzi wake wametoka vitani, na kwamba kitu wanachokitaka ni kuijua dunia. Nilimweleza kwa upole kwamba dunia imepimwa na kuonekana ni rahisi mno.

"Na huyu Bwana Kipkemboi," akauliza, "yeye ndiye mgumu?"

"Ugumu wake unafaa," nilisema.

Ili haki itendeke, tulikuwa tumetayarisha wasifu wa Mwenyekiti wenye kurasa kumi na moja. Ungesomwa na timu zote mbili, katika afisi ya Lodwar, saa za kazi. Nahodha wa Lodwar, kijana mmoja aitwaye Aregae, alikuja kila siku akaukremu mpaka akawa anautaja kwa kurasa. Wanafunzi wa Kakuma nao walikaribishwa vilevile. Walihitaji tu kibali cha kutoka kambini, ambacho huchukua siku ishirini na moja, na mashindano yalikuwa baada ya siku ishirini. Hakuna aliyebaguliwa.

Nahodha wa Kakuma alikuwa msichana Mnuer wa miaka ishirini na miwili, jina lake Nyawal. Alikuwa mrefu, mpole, na alizungumza Kiswahili cha kambini chenye Kiarabu cha Juba ndani yake. Nilipomaliza kueleza kanuni, wenziwe walinung'unika. Mmoja wao, Dut, alisema kwa Sheng kwamba hii ni mchezo ya kuwafinya. Nyawal hakulalamika. Aliniuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu: huyu mzee kwao wapi, na baba yake nani?

Baadaye ndipo nilipojua maana ya swali hilo. Nyawal alikuwa ametengana na mama yake miaka sita kabla, wakati watu walipokimbia wakivuka mto, kila mmoja akabaki ukingo wake. Kwa miaka minne alikuwa akiandika barua za kumtafuta: kwa mapadri, kwa kambi za Ethiopia, kwa hospitali, kwa mtu yeyote ambaye huenda alimwona. Kuna fomu za kutafuta jamaa waliopotea, na yeye alikuwa akizijua kwa moyo. Jina la anayetafutwa. Majina ya wazazi. Mwaka wa kuzaliwa. Nani alimwona mara ya mwisho. Basi alichukua fomu kama hiyo, akaandika juu yake jina la Bwana Kipkemboi, akaijaza alivyoweza, akaambatisha barua, na kuituma kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Kaptarwa kwa gari la misheni lililokuwa likishuka Kitale.

Kwa miaka minne Nyawal alikuwa hajampata mama yake. Habari za Mwenyekiti alizipata kwa siku kumi na tano.

Bahasha iliyorudi ilikuwa nene. Mwalimu mkuu alikuwa ameisoma ile fomu kanisani, na kijiji kizima kikadhani Kipkemboi amepotea, jambo ambalo halikuwashangaza, kwani hawakuwa wamemwona kwa miaka tisa. Kila mtu alitaka kusaidia. Waliandika aliyekuwa jirani yake darasani, jina la ng'ombe, mara ngapi alichapwa na kwa kosa gani. Mwalimu mkuu alinakili ukurasa wa rejista ya zamani na kuupiga muhuri. Na ndugu mdogo wa Kipkemboi aliandika kurasa mbili peke yake.

Siku ya mashindano tulikutana katika ukumbi wa kanisa Kakuma. Wakimbizi walijaa mpaka madirishani, wenyeji wakasimama mlangoni wakisalimiana ejok, ejok. Mgeni rasmi kutoka mkoani alikuwa amepata udhuru akamtuma naibu wake. Naibu naye akapata udhuru, akamtuma Bi. Jepkoech wa sehemu ya kumbukumbu za watumishi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekubali kufika huku, mradi apitie Eliye Springs aone ziwa. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, aliyeketi na mkoba mapajani kana kwamba anasubiri basi.

Mwenyekiti alifungua kwa hotuba. Alianza Kaptarwa, akavuka mto bila viatu, na alipofika mwaka wa 1988 akatoa leso. Mwaka huo, alisema, alimzika mama yake mzazi, na bado siku ya kumi na nne akarudi mezani kulitumikia taifa. Nakumbuka msiba huo vizuri. Mimi ndiye niliyeandaa dakika moja ya kimya afisini, na niliirefusha kwa nusu dakika.

Maswali yakaanza, mimi nikisoma kutoka kwenye kadi. Aregae alichukua yote ya vyeti na semina. Kakuma walichukua yote ya kijijini, na kwa undani uliowashangaza wasikilizaji. Dut alipotaja ni kwa nini Mwenyekiti alichapwa darasa la pili, ukumbi ulicheka na Mwenyekiti akaomba maji.

Swali la saba lilikuwa ni mwaka gani Mwenyekiti alifanya mtihani wa darasa la nane. Aregae akasema 1953, ikawa sahihi. Swali la tisa lilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Dut alipiga kengele na kusema 1937. Nikatazama kadi, nikasema si sahihi. Aregae akasema 1943, nikampa alama.

Dut aliomba kuuliza kitu kidogo tu. Kama ni 1943, je, mzee alimaliza darasa la nane akiwa na miaka kumi?

"Nilikuwa mwerevu," alisema Mwenyekiti, na watu wake wakapiga makofi.

Mwalimu Thon alisimama na nakala ya rejista. Mwenyekiti alisema mashindano ya maarifa hayapokei nyaraka. Bi. Jepkoech akasema yeye si mshindani, angependa kuiona tu kupitisha muda. Akaisoma, akatoa daftari dogo mkobani, akaandika, akahesabu kwa vidole. Ni vizuri kueleza hapa kwamba mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka hamsini na mitano.

Tulipomaliza swali la hamsini na tisa, moja lilikuwa limekosa jibu na kila timu ilikuwa na ishirini na tisa. Likabaki la mwisho. Nikasoma: mwaka wa 1988 Mwenyekiti alipatwa na msiba gani mkubwa, na hata hivyo akarejea kazini siku ya kumi na nne?

Kila mtu ukumbini alilijua jibu. Lilikuwa limetolewa asubuhi hiyohiyo pamoja na leso. Ilikuwa ni nani atawahi kengele, na Nyawal aliwahi.

Sheria ilimpa sekunde kumi, nami nikaanza kuzihesabu kwa sauti. Dut alimgusa mkono. Aregae alikuwa tayari amefumba macho kama mtu aliyeshindwa. Nilipofika sekunde ya nane Nyawal alisimama, jambo ambalo halikuhitajika.

"Jibu ya kwenye kadi mimi najua," alisema. "Lakini siwezi kusema mama ya mtu amekufa na yeye iko hai."

Mimi nilikuwa na kadi mkononi, na kadi ilisema KUFIWA NA MAMA. Nilifungua mdomo kutangaza kwamba si sahihi. Lakini Mwenyekiti aliniwahi. Alisema swali hilo liondolewe mara moja, kwa kuwa ni gumu mno.

Bi. Jepkoech alivua miwani.

"Gumu kwa nani?" akauliza.

Mwenyekiti alimtazama mgeni, akanitazama mimi, akaitazama ile kadi. Bi. Jepkoech alimwomba Nyawal aeleze alivyojua. Nyawal alichukua barua ya yule ndugu mdogo akampelekea, na Bi. Jepkoech akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma mtu aliyezoea faili za wengine. Ilisema kwamba wameisikia habari ya Kipkemboi kutafutwa, na kwamba kama amepatikana aambiwe mama bado yupo. Macho yamepungua na miguu haimpeleki mbali, lakini kila Jumapili watu wakitoka kanisani huwauliza kama kuna aliyetoka upande wa Turkana.

Baada ya hapo Bi. Jepkoech alinigeukia, akaniuliza rasmi jibu sahihi ni lipi. Nilipitia kanuni zote kurasa ishirini na mbili, watu wote wakingoja. Sikupata kifungu kinachotaka jibu liwe la kweli. Lakini, kwa uangalifu wote wa utumishi wangu, sikupata pia kifungu kinachokataza. Nikaandika: sahihi, Kakuma, thelathini.

Vigelegele vilivyopigwa vilihesabiwa na kamati kuwa ni zaidi ya kiwango. Aregae aliinuka, akaenda kumpa Nyawal mkono, na niliona kwamba alimshika kwa mikono miwili. Mwenyekiti alibaki amekaa. Nyawal alimwendea, akamwinamia kidogo kama binti anavyomwinamia mtu mzima, akamwambia barua ni yake. Aliichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu akalivua lile koti. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Mambo mengine yalikwenda kwa utaratibu. Iligunduliwa kwamba Bwana Kipkemboi alikuwa amestaafu tangu mwaka wa 1992 bila kujulishwa. Bi. Jepkoech alipitia Eliye Springs kama alivyotaka, na kwenye kitabu cha wageni alikuta jina la Bwana Kipkemboi katika zile siku kumi na nne za mwaka wa 1988, na kwenye sehemu ya maoni ameandika: Mahali pa utulivu. Kabla hajaondoka aliniuliza, kwa upole, mimi nami nimezaliwa mwaka gani. Nilimwambia swali hilo linashughulikiwa.

Kamati ilivunjwa. Maswali mia mbili ya Mwalimu Thon yalitumika mwaka uliofuata yakiwa na mihuri yake yote, na aliyeyasoma kwa wanafunzi alikuwa Akal, kwa kuwa ndiye pekee afisini aliyeweza kujua mtu akikosea. Nyawal alipata kibali siku ya ishirini na mbili, akaenda Eldoret na sanduku moja la bati. Bwana Kipkemboi alirudi Kaptarwa. Walioshuhudia wanasema mama yake alimpapasa uso kwa muda mrefu, kisha akamuuliza amekula.

Inasemekana pia kwamba bibi yule, aliposikia ni nani aliyemtafutia mwanawe, alimwandikisha mwalimu mkuu barua kwenda Eldoret. Kwamba ndani yake aliomba apelekewe jina la mama yake Nyawal, na la babu yake, na la mto waliovuka, ili naye awe anawauliza watu wakitoka kanisani. Barua hiyo haikupitia afisini kwangu, na kwa hiyo siwezi kuithibitisha.